Pointi 50 za kusema neno moja: kisa kutoka Busia

Jioni moja mwaka 2023, binti mmoja ninayemfundisha kuandika programu hapa Busia alinigeuzia laptopu yake akasema, "Mwalimu, wamefuta." Kwenye skrini ulikuwa ukurasa wa Stack Overflow, mtandao ambako waandishi wa programu huulizana na kujibiana maswali, wenye swali la zamani kuhusu kutuma kiasi cha fedha kwenye huduma ya malipo. Pale ambapo nusu saa kabla yalikuwa maneno yake, hapakuwa na kitu.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona vijana wengi wakianguka shimo hilo hilo na wengine hawarudi tena. Nakieleza pia kwa sababu aliyemwelekeza shimoni ni mimi.

Dagaa, fedha mbili na mara 100

Busia ni mji mmoja ulio katika nchi mbili. Ukivuka geti umeingia Kenya, na jina la mji ni lile lile. Mama mdogo wa binti huyu anauza dagaa kwa jumla, wale ambao upande wetu tunawaita mukene na ng'ambo wanawaita omena. Mteja wa huku hulipa kwa shilingi ya Uganda, wa kule kwa shilingi ya Kenya, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote mbele ya mizani.

Binti alitaka kumtengenezea mama yake mdogo programu ndogo: unaingiza kilo, unachagua fedha, programu inamtumia mteja ombi la malipo. Huduma ya malipo aliyoichagua ilikuwa na uwanja wa majaribio, ambako unatuma na kupokea pesa za bandia mpaka uridhike. Maelekezo yake yalisema kiasi kiandikwe kwa kipimo kidogo kabisa cha fedha inayohusika. Akaelewa ni senti. Akatafuta mtandaoni, akakuta huko Stack Overflow jibu lenye kura zaidi ya mia: chukua kiasi, zidisha kwa 100, tuma. Akanakili msimbo ule, yaani yale maagizo ya programu, kama ulivyo.

Akajaribu kwa shilingi 500 za Kenya. Programu ikatuma 50000, risiti ikarudi ikisema 500.00. Safi. Akajaribu kwa shilingi 5,000 za Uganda. Programu ikatuma 500000, na ombi lililotokea kwenye simu ya majaribio lilikuwa la shilingi 500,000. Mzigo wa elfu tano unadaiwa laki tano.

Wengi wangeweka "kama ni UGX usizidishe", UGX ikiwa kifupisho cha shilingi ya Uganda, wakaendelea na maisha. Yeye alitaka kujua kwa nini. Akafika kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, kile kinachozipa fedha za dunia vifupisho vya herufi tatu kama UGX na KES. Kiwango hicho hakiishii kwenye herufi. Kinaeleza pia kila fedha ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Shilingi ya Kenya ina 2, ya Tanzania ina 2. Shilingi ya Uganda ina 0, sawa na faranga ya Rwanda na ya Burundi. Kwa kiwango hicho, kipimo kidogo kabisa cha fedha yetu ni shilingi yenyewe. Jibu lile lenye kura zaidi ya mia lilikuwa sahihi kwa mteja wa ng'ambo ya geti na kosa kwa mteja wa huku.

Hapo ndipo alipotaka kufanya jambo jema: aandike neno chini ya lile jibu, kumwonya atakayefuata. Akabonyeza kitufe cha kutoa maoni, mtandao ukamjibu kwamba ni lazima awe na pointi 50 za sifa, zile ambazo mtu hupata wengine wakikipigia kura alichoandika. Yeye alikuwa na 1, ile ambayo kila akaunti mpya huzaliwa nayo.

Akaniita. Nilikuwa nimeinamia kompyuta ya mwanafunzi mwingine, na nilimjibu bila hata kugeuka: "Andika tu pale chini, kwenye sanduku la jibu. Watakuelewa."

Hawakumwelewa, na sasa ninaposoma tena alichoandika naona hawakuwa na namna ya kumwelewa. Aliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mtandao huo una matawi ya Kihispania, Kireno, Kirusi na Kijapani lakini hauna la Kiswahili. Kwa lugha yetu maneno yake yangekuwa hivi:

"Habari. Samahani, sina pointi 50 kwa hiyo siwezi kutoa maoni. Msimbo huu haufanyi kazi kwa UGX kwa sababu haina senti. Je, kuna aliyepata suluhisho? Asanteni."

Sentensi fupi tano. Ya kwanza ni salamu, na huyu ni binti aliyelelewa asianze kusema na watu kabla ya kuwasalimu. Kule salamu na shukrani huhesabiwa kuwa maneno ya ziada, wahariri huziondoa. Ya pili ni kuomba radhi, nayo ndiyo iliyommaliza: kwa kinywa chake mwenyewe anatangaza kwamba haya si jibu, ni maoni yaliyoletwa mlango usio wake. Ya tatu ni dhahabu. Ya nne ni swali, limewekwa mahali pa majibu. Ya tano ni asante. Mtu anayepitia majibu ya wageni, mwenye sekunde chache kwa kila moja, huiona ile ya pili na ile ya nne, na mkono wake unakuwa umeshaamua.

Zikaja kura mbili za chini, kisha ujumbe ambao wageni wengi wa mtandao ule wamewahi kuupokea: haya hayajibu swali, ukipata sifa za kutosha utaweza kutoa maoni popote. Kisha likafutwa. Pointi yake ilibaki 1, maana haishuki chini ya hapo.

Alikuwa tayari anataka kubandika maneno yale yale mara ya pili. Hapo nilifanya jambo moja sahihi jioni ile: nilimzuia. Akaunti ikirundika majibu yaliyofutwa au kupigiwa kura za chini, mfumo wenyewe huifungia kujibu, na kufunguliwa ni kazi ndefu.

Ngazi inayoonekana imegeuzwa

Swali aliloniuliza binti ni lile ambalo kila mgeni huuliza. "Mwalimu, kujibu ni kazi kubwa, nimeruhusiwa nikiwa na pointi 1. Kusema neno moja ni kazi ndogo, nimenyimwa mpaka nifike 50. Si wameigeuza ngazi?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nililitafuta usiku ule, nikaona kwamba ngazi haikugeuzwa. Inafuata ni nini kinachoweza kuangaliwa na nani.

Jibu likiandikwa, mambo kadhaa hutokea bila mtu kuomba. Swali hupanda juu kwenye orodha ya yaliyoguswa karibuni, kwa hiyo macho hulifikia. Jibu la mgeni kwenye swali la zamani huwekwa kwenye foleni ya wakaguzi, na ndiyo sababu lake lilionekana haraka vile. Linaweza kupigiwa kura ya juu au ya chini. Likihaririwa, historia ya kila badiliko hubaki na yeyote anaweza kuisoma.

Maoni hayana hata moja ya hayo. Hayalipandishi swali, hayaingii foleni ya ukaguzi, hayana kura ya chini. Ukishayaandika una dakika 5 za kuyarekebisha, basi. Mwisho wake ni herufi 600. Juu ya hayo, ukiandika maoni chini ya jibu la mtu, taarifa inaingia kwenye kisanduku chake. Sasa fikiria wewe ni mtu wa matangazo taka na unataka kupanda kiungo chako cha mikopo ya haraka mahali ambapo hakuna atakayekiona isipokuwa wanaotoka Google. Utaandika jibu litakalokaguliwa baada ya dakika chache, au utaandika maoni chini ya jibu la miaka tisa iliyopita? Mtandao huo una maswali zaidi ya milioni 20. Wasimamizi wake wa kuchaguliwa ni wachache na wanajitolea bila mshahara. Maoni yangefunguliwa kwa kila akaunti iliyozaliwa leo, uchafu ungejificha kwenye pembe ambazo hakuna anayezifagia.

Kuna sababu nyingine, ya tabia zaidi kuliko ya ulinzi. Jeff Atwood na Joel Spolsky walipouanzisha mtandao huu mwaka 2008, walikuwa wamechoka na mabaraza ambamo jibu linazama chini ya kurasa za soga. Walitaka ukifika uone swali, na chini yake majibu, bora kuliko yote likiwa juu. Maoni yaliwekwa kama kikaratasi cha kubandika pembeni: kuomba ufafanuzi, kuonyesha dosari, kisha kuondolewa kazi ikiisha. Anayepewa kalamu ya kuandika pembeni mwa kazi za wengine anatakiwa awe amekwisha kuona kazi inavyofanyika pale.

Nilimweleza binti kwa mfano wa nyumbani. Ukihamia kijiji kipya Uganda, unakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na barua kutoka ulikotoka. Hata kabla watu hawajakuzoea unaweza kulima, unaweza kuuza nyanya barabarani, unaweza kumwuliza jirani njia ya kisimani. Lakini jirani akigombana na mwenzake kuhusu mpaka wa shamba, hakuna atakayekuita ushuhudie. Hiyo inangoja mpaka uwe umekaa. Kutoa maoni juu ya jibu la mtu ni aina ya ushahidi.

Akaufikiria mfano, akaniambia, "Lakini mwenyekiti anauona uso wangu." Ana haki. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kukusikiliza dakika mbili akajua kwamba wewe ni fundi wa miaka ishirini, akakuita hata kama umefika jana. Mashine inahesabu tu. Daktari bingwa wa moyo na msambazaji wa matangazo taka wakifungua akaunti leo, wote wawili wana pointi 1.

Gharama anayoibeba mwingine

Wanaoitetea sheria hii wengi huishia pale kwenye matangazo taka. Mimi naona lipo la kusema upande wa pili, na halihusu machungu ya mgeni. Machungu ya mgeni hupona. Linamhusu msomaji anayekuja baada yake. Siku ile alipofutiwa, lile jibu la mara 100 liliendelea kukaa juu na kura zake bila onyo lolote. Kijana wa Kigali angelinakili, naye fedha yake haina tarakimu baada ya nukta. Mtu wa Bujumbura pia. Mtu wa kwanza aliyeligundua kosa alikuwa ndiye asiyeruhusiwa kulitaja, na hili halikutokea kwa bahati mbaya tu: makosa ya aina hii hugunduliwa kwanza na watu wa nchi ambazo fedha zao, majina yao na namba zao za simu hazikufikiriwa na aliyeandika jibu. Na watu hao ndio wenye akaunti changa zaidi.

Tena kuna la bando. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data, uliokuja kuchukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. Kijana anayenunua data ya siku moja hupanga siku hiyo iwe ya kazi. Ukimwambia arudi akiwa na pointi 50, unamwambia anunue siku nyingine kadhaa kwa ajili ya sentensi ambayo faida yake inakwenda kwa mgeni wa mbali. Wengi hawarudi, na siwalaumu.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka kizuizi kiondolewe. Ninachokiona kibovu ni ujumbe. "Ni lazima uwe na pointi 50" humwambia mtu alichokosa, haumwambii afanye nini na alichonacho mkononi. Na papo hapo, chini yake, sanduku la jibu liko wazi, kubwa, jeupe. Ukifunga mlango mwembamba kando ya mlango mpana ulio wazi, watu watapita kwenye ule mpana na mzigo wao usioingia. Vijana wetu wamezoea WhatsApp, ambako kila neno hujibiwa popote na lolote linashuka chini ya lingine. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba kuna mahali ambapo jibu, swali na maoni ni vyombo vitatu tofauti. Mimi mwalimu wao sikuwafundisha.

Milango iliyokuwa wazi

Kesho yake tulikaa chini tukaandika kwenye karatasi kile ambacho mtu mwenye pointi 1 aliruhusiwa kufanya wakati ule. Karatasi ilijaa kuliko tulivyodhani. Anaweza kuuliza. Anaweza kujibu. Anaweza kutoa maoni chini ya swali lake mwenyewe, chini ya jibu lake mwenyewe, na chini ya jibu lolote ambalo watu wanaleta kwenye swali lake. Hilo la mwisho vijana wengi hawalijui: kwenye uwanja wako mwenyewe huhitaji pointi 50. Anaweza kupendekeza marekebisho kwenye maandishi ya wengine, na wakaguzi wakiyakubali anapata pointi 2 kwa kila moja.

Wazo lake la kwanza lilikuwa apendekeze marekebisho kwenye lile jibu la zamani, aongeze mstari wa UGX. Nikamwambia wakaguzi watalikataa, maana kubadili maana ya msimbo wa mtu si kurekebisha tahajia. Pendekezo la namna hiyo hurudishwa na neno kwamba linapingana na kusudio la mwandishi.

Tukaamua aulize swali lake mwenyewe na alijibu mwenyewe. Wageni wengi huona haya kufanya hivyo, kana kwamba ni kujipigia makofi, lakini mtandao unalikaribisha na fomu ya kuuliza ina sehemu yake maalumu. Swali: kwa nini kiasi changu cha UGX kinaongezeka mara mia ilhali KES iko sawa? Jibu: jedwali la ISO 4217, na msimbo unaosoma idadi ya tarakimu kulingana na fedha badala ya kuzidisha kila kitu kwa 100.

Na hapa ndipo kisa kilipogeuka, kwangu mimi hasa.

Ili jibu liwe kamili ilibidi ajaribu msimbo wake kwenye huduma nyingine za malipo, si ile moja tu. Akaanza kusoma maelekezo yao moja baada ya nyingine. Siku ya pili akanipigia simu usiku, sauti yake imebadilika. "Mwalimu, si kweli." Nikamwuliza nini si kweli. "Nilichotaka kuandika. Si kweli kwa zote."

Alikuwa amekuta kwamba kuna huduma ambazo, kwa sababu ya mifumo ya zamani isiyotakiwa kuvunjika, hutaka UGX iandikwe na tarakimu mbili za sifuri mwishoni ingawa ISO inasema hakuna. Kwenye huduma kama hiyo, mtu aliyefuata onyo lake la "usizidishe" angetuma ombi la shilingi 5,000 na likasomwa shilingi 50. Lile jibu la zamani lilikuwa kosa kwenye huduma moja na sahihi kwenye nyingine, na sentensi yake ya tatu, ile niliyoiita dhahabu, ilikuwa nusu ya ukweli. Kama angekuwa na pointi 50 jioni ile ya kwanza, nusu hiyo ingebandikwa chini ya jibu lenye kura zaidi ya mia, bila uwezekano wa kupigiwa kura ya chini, na watu wangeifuata.

Sisemi kwamba sheria iliyajua hayo. Haikujua kitu. Lakini kwa kumnyima kikaratasi cha pembeni ilimlazimu aandike ukurasa mzima, na ukurasa mzima haukubali nusu ya ukweli kwa urahisi. Jibu lake la mwisho lilikuwa na mambo matatu: ISO inasema UGX ni 0, kisha soma maelekezo ya huduma yako, kwa sababu zipo zinazofuata kanuni yao wenyewe, na kabla ya kwenda kwenye pesa halisi, tuma ombi la majaribio uone ni namba gani inayotokea kwenye simu ya mteja. Hakuweka salamu. Hakuomba radhi. Picha ya risiti alitaka kuiweka ikagoma kuonekana, kwani akaunti yenye pointi chini ya 10 ilionyesha kiungo tu badala ya picha, kwa hiyo aliandika namba zile kwa maneno. Naona ilikuwa bora hivyo, maana namba za maandishi hutafutika.

Hesabu ya pointi

Hesabu yenyewe naieleza haraka, kwa sababu watu huiona ndefu kuliko ilivyo. Kura ya juu kwenye jibu ni pointi 10. Kwenye swali pia ni 10 tangu Novemba 2019; zamani ilikuwa 5. Jibu lako likikubaliwa na aliyeuliza ni 15. Kwa hiyo kura tano za juu peke yake, ukijumlisha na ile 1 ya kuzaliwa, zinakufikisha 51.

Swali lake lilipata kura 1, akawa na 11. Jibu lake likapata 2, akawa na 31. Kujikubalia jibu lako mwenyewe inabidi ungoje siku mbili, na hakukuongezei kitu. Akapendekeza marekebisho matatu kwenye misimbo iliyokuwa imepangwa vibaya kiasi cha kutosomeka, yote yakapita: 37.

Kilichomvusha ni jambo alilolijua bila kujua kwamba analijua. Mtu fulani aliuliza kwa nini ratiba ya watumiaji wake wa Kampala inakwenda kombo kwa saa moja kwa miezi kadhaa ya mwaka. Alikuwa anahesabu saa zao kwa kuongeza 3 kwenye saa ya London. Binti akamweleza kwamba London husogeza saa zake mwezi Machi na Oktoba, sisi hatusogezi, tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima. Aache kuhesabu mwenyewe, atumie eneo la Africa/Kampala lililomo kwenye kanzidata ya saa. Mwulizaji akalikubali. Pointi 15. Akawa na 52.

Zilikuwa zimepita wiki tatu. Nilimwona anarudi kwenye lile swali la kwanza, akabonyeza kitufe kile kile, na safari hii kisanduku kikafunguka. Alikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishowe aliandika mistari miwili: kwamba kuzidisha kwa 100 kunategemea fedha na huduma, kwamba kwa ISO 4217 fedha kama UGX na RWF (faranga ya Rwanda) zina tarakimu 0, na kiungo cha jibu lake kwa maelezo kamili. Hayakufika hata nusu ya zile herufi 600.

Mwenye jibu bado alikuwa hai mtandaoni. Baada ya siku mbili alilihariri jibu lake mwenyewe, akaongeza sehemu fupi juu kabisa kuhusu fedha zisizo na senti, akaweka kiungo kile kile, na chini akamwandikia binti neno la kumshukuru.

Siku ya nne binti alikuja darasani mapema. Akafungua ukurasa ule, akaelekeza mshale kwenye maoni yake, akaniuliza, "Mwalimu, sasa yeye ameshaliweka kwenye jibu. Haya yangu si yamekwisha kazi?"

Nikamwambia ndiyo, yamekwisha kazi, lakini ni yake, anaweza kuyaacha yakae.

Aliyafuta mwenyewe, akafunga ukurasa, akafungua programu ya mama yake mdogo. Kulikuwa na mteja wa ng'ambo anayetaka kulipa nusu kwa shilingi za Kenya na nusu kwa za Uganda, na hilo hakuwa amelipangia bado.